Kuku wa Ilongero analindwa bandani, anasahauliwa jikoni

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi jina la Singida limekwenda sambamba na kuku wa kienyeji. Wachuuzi huwakusanya vijijini, huwapakia kwenye matenga na kuwasafirisha hadi Dodoma na Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 700, ambako mnunuzi huulizia kwanza kama kuku ni wa Singida, ndipo aulizie bei.

Ilongero, iliyo kaskazini mwa mji wa Singida na ambako ndiko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida, ni sehemu ya biashara hiyo. Alizeti na vitunguu huleta fedha kwa msimu, lakini kuku huuzwa siku yoyote shida inapobisha hodi. Sare za shule, dawa, chumvi na mafuta ya taa vimetoka mgongoni mwa kuku tangu zamani.

Kwa sababu hiyo nguvu nyingi zimewekwa bandani. Mfugaji anahimizwa kuchanja kuku wake kila baada ya miezi mitatu dhidi ya mdondo, ambao wengine huuita kideri. Anafundishwa kujenga banda, kutenga vifaranga na kuchagua jogoo bora. Hayo yote ni mema na yanafaa kuendelezwa.

Hata hivyo, kuna kipande kimoja cha safari ya kuku ambacho hakizungumzwi sana. Ni zile hatua chache kati ya kisu cha kuchinjia na sahani ya mlaji. Katika kipande hicho hakuna bwana mifugo, hakuna mkaguzi wala muhuri. Kuna mama, binti yake, ndoo moja ya maji, kisu kimoja na ubao mmoja wa kukatia. Hapo ndipo faida ya bandani inapoweza kupotea bila mtu kujua.

Mzigo unaobebwa na Afrika

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa makadirio ya kwanza ya dunia nzima kuhusu magonjwa yatokanayo na chakula. Lilikadiria kuwa watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa kula chakula kisicho salama, na 420,000 kati yao hufariki. Watoto wa chini ya miaka mitano ni 125,000 katika idadi hiyo ya vifo.

Bara la Afrika lilikadiriwa kuwa na wagonjwa zaidi ya milioni 91 na vifo 137,000 kwa mwaka. La kuzingatia zaidi kwa mfugaji wa kuku ni kwamba bakteria wa salmonela, wale wasiosababisha homa ya matumbo, ndio walioongoza kwa kuua, wakikadiriwa kusababisha vifo 32,000 kwa mwaka barani humu. Bakteria hao wana uhusiano wa karibu na kuku na mayai.

Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliitazama hasara hiyo kwa jicho la uchumi. Ilikadiria kuwa nchi za kipato cha chini na cha kati hupoteza uzalishaji wenye thamani ya Dola za Marekani bilioni 95.2 kwa mwaka kutokana na chakula kisicho salama, mbali ya Dola bilioni 15 zinazotumika katika matibabu.

Si magonjwa yote hayo yanayotokana na nyama, wala si yote yanayoanzia nyumbani. Lakini ni dhahiri kwamba jiko la nyumbani ni mlango mmojawapo, na ni mlango ambao kufuli lake liko mikononi mwa mwenye nyumba mwenyewe.

Kinachoua si supu

Salmonela na mwenzake kampilobakta huweza kuishi katika utumbo wa kuku bila kumdhuru. Kuku mwenye manyoya yanayong'aa na kilemba chekundu anaweza kuwa nao sawa na aliyesinyaa. Wakati wa kunyonyoa na kutoa matumbo, kinyesi kidogo hufika kwenye ngozi na nyama. Kutoka hapo hushika mikono, kisu, ubao na beseni.

Watu wengi hudhani kwamba moto unamaliza kila kitu. Kwa nyama yenyewe dhana hiyo haiko mbali na ukweli. WHO inashauri nyama ipate joto la nyuzi 70 hadi ndani kabisa, na kuku wa kienyeji, kwa ugumu wa nyama yake, huchemshwa muda mrefu kuliko huo unaohitajika. Mchuzi uliotokota saa nzima kwenye mafiga ni salama ukiliwa moto.

Tatizo liko kwenye vile ambavyo havipiti motoni. Kachumbari ya vitunguu na nyanya iliyokatwa kwenye ubao uleule uliokatiwa kuku mbichi haina moto wa kuiokoa. Vivyo hivyo embe alilomenyewa mtoto kwa kisu kilekile, au kata ya maji ya kunywa iliyoshikwa kwa mkono uliotoka kutoa firigisi. Kuna pia nyama iliyokwisha kuiva ambayo huepuliwa na kurudishwa katika beseni lililobeba nyama mbichi, kwa sababu beseni ni hilo moja.

Kwa kampilobakta, vijidudu mia chache tu vinatosha kumwangusha mtu mzima. Kiasi hicho hakionekani kwa macho na hakina harufu. Ndiyo maana familia inaweza kuumwa tumbo baada ya kitoweo cha mgeni, ikalaumu maji ya kisima, ikalaumu mafuta mengi au hata jicho la mtu, na ubao ukabaki umeegemezwa ukutani ukisubiri kuku wa pili.

Ushauri wa wenye mabomba

Nchi zilizoendelea nazo zina tatizo hilo hilo. Juni 2014 Wakala wa Viwango vya Chakula wa Uingereza ulianzisha kampeni ya kuwataka wananchi waache kabisa kuosha kuku mbichi, kwa kuwa maji yanayoruka hutawanya kampilobakta kwenye sinki, vyombo na nguo. Wakati huo ilikadiriwa kuwa bakteria huyo huwaugua watu wapatao 280,000 kwa mwaka nchini humo.

Ushauri huo ukiletwa Ilongero kama ulivyo, utachekwa, na wanaocheka watakuwa na haki. Kuku wa Uingereza hufika jikoni akiwa amekwisha kuchinjwa, kunyonyolewa na kusafishwa kiwandani. Kuku wa Ilongero hufika jikoni akiwa anatembea. Ana manyoya, damu, matumbo na nyongo, na hakuna mama atakayekubali kumtia chunguni bila kumpitisha kwenye maji.

Utafiti wa Marekani unatoa somo linalotufaa zaidi. Agosti 2019 Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo ilitoa matokeo ya majaribio yaliyofanywa na Chuo Kikuu cha North Carolina State, ambapo washiriki walipika kuku na kutengeneza saladi huku wakichunguzwa. Asilimia 60 ya waliomwosha kuku waliacha bakteria kwenye sinki. Hata baada ya kujaribu kusafisha, asilimia 14 ya masinki yalikuwa bado na bakteria. Asilimia 26 ya waoshaji hao walihamisha bakteria hadi kwenye saladi.

Lakini wale ambao hawakumwosha kuku hawakusalimika. Asilimia 31 kati yao nao walikutwa na bakteria wa kuku kwenye saladi, na sababu kubwa iliyotajwa ni mikono isiyooshwa vizuri na vyombo vilivyoguswa kuku akiwa mbichi. Kwa maneno mengine, kuosha au kutoosha si mwisho wa mjadala. Jambo kubwa ni mkono uligusa nini kwanza, na kisha ukagusa nini.

Mpangilio hauna bei

Somo hilo ni habari njema kwa jiko lisilo na bomba, sinki wala jokofu, kwa kuwa mpangilio wa kazi haununuliwi dukani. Mwenye kisu kimoja na ubao mmoja anaweza kupika kwa usalama kuliko mwenye vyombo 20 anayevichanganya.

Kanuni ya kwanza ni kutanguliza visivyopikwa. Kachumbari ikatwe, matunda yaoshwe, maji ya kunywa yachotwe na vyote vifunikwe kabla kuku hajaguswa. Ubao na kisu vikitoka kwenye nyanya kwenda kwa kuku havina madhara, kwa kuwa kuku anakwenda motoni. Madhara huja vikitoka kwa kuku kwenda kwenye nyanya.

Pili, kazi ya kuchinja, kunyonyoa na kutoa matumbo ifanyike nje, mbali na mafiga, ndoo ya maji na vyombo vilivyosafishwa. Kuku aoshwe ndani ya beseni taratibu, bila kummwagia maji kutoka juu yakaruka. Beseni hilo lisipokee kitu kingine mpaka lisuguliwe kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yanayochemka.

Tatu ni mikono. Sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa sekunde 20 ndiyo kinga kubwa, na pasipo na sabuni majivu husaidia kwa kiasi. Kampeni za usafi zimewazoesha wanavijiji wengi kutengeneza kibuyu chirizi, dumu lile dogo linaloinamishwa kwa kukanyaga kijiti, na kukiweka karibu na choo. Ni nadra kukikuta karibu na jiko, ilhali jikoni mikono huchafuka mara nyingi zaidi kwa siku.

Nne, ubao na kisu visuguliwe kwa sabuni kwanza, ndipo vimwagiwe maji yanayochemka na kuanikwa juani vikauke. Maji ya moto juu ya mafuta na damu bila kusugua hayafanyi kazi yake sawasawa. Maji yaliyotumika kunyonyolea yasitumike kusuuzia chombo chochote. Ubao wenye mifereji mirefu ya kisu ukwanguliwe au ugeuzwe kuni.

Tano, nyama ikiiva iende kwenye chombo ambacho hakijabeba nyama mbichi. Ikibaki, isikae zaidi ya saa mbili nje bila kupashwa au kuhifadhiwa kwenye ubaridi, na ikipashwa itokote, isiishie kuwa vuguvugu.

Msomaji anaweza kuuliza maji ya kufanyia yote hayo yatatoka wapi katika mkoa mkame kama Singida, ambako mvua ni za msimu mmoja na ndoo ya maji ina gharama ya miguu au ya fedha. Swali hilo ni la haki. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (Ruwasa), ulioundwa mwaka 2019, bado una kazi kubwa mbele yake. Lakini ikumbukwe kuwa mpangilio mzuri unaokoa maji. Anayeanza na nyanya na kumaliza na kuku husugua ubao mara moja mwishoni. Anayechanganya analazimika kuosha kila anapogeuka.

Maji yanayorudi bandani

Kuna upande mwingine wa jambo hili unaomgusa mfugaji moja kwa moja mfukoni. Mdondo unapoingia kijijini, kaya nyingi huwahi kuchinja au kuuza kuku walioanza kuzubaa ili wasipate hasara yote. Kwa haraka hiyo, kuku kadhaa huchinjwa kwa mpigo katika ua uleule ambamo wazima wanaparura.

Manyoya, matumbo, damu na maji ya kuoshea humwagwa nyuma ya nyumba. Kuku waliobaki huja kudonoa. Virusi vya mdondo hupatikana kwa wingi katika kinyesi, majimaji na viungo vya kuku mgonjwa, hivyo kaya iliyodhani inaokoa fedha huwa inawalisha ugonjwa kuku wake wa mwisho. Anayenunua kuku huyo kwa bei ya kutupa hubeba ugonjwa hadi kwenye ua wake.

Mdondo wenyewe si tishio kubwa kwa binadamu. Mara nyingi humletea anayeshika kuku wagonjwa macho mekundu yanayopona. Lakini mtu hawezi kujua kwa macho kama kuku aliyezubaa ana mdondo au ana jambo jingine lililo baya zaidi, kama mafua makali ya ndege. Kuku mgonjwa hafai kuliwa. Anafaa kuzikwa kwenye shimo refu au kuchomwa, na taarifa ipelekwe kwa ofisa mifugo. Matumbo na manyoya ya kuku mzima nayo yafukiwe, na maji yake yamwagwe shimoni.

Kwa hiyo usafi wa jikoni na chanjo ni kazi moja yenye vipande viwili. Anayechanja halafu akamwaga matumbo uani anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Hesabu ya kaya

Tuchukue mfano wa kaya yenye kuku 20, na tuseme kuku mmoja anauzwa Sh15,000. Mtoto anaharisha baada ya kula. Hata kama huduma ya mtoto wa chini ya miaka mitano hailipiwi katika kituo cha umma, kuna nauli, kuna dawa zitakazonunuliwa nje zikikosekana, na kuna siku mbili ambazo mama hatakwenda shambani. Gharama zote zikifika Sh30,000, kuku wawili wamekwenda, yaani asilimia 10 ya mtaji wa kaya. Ikiwa ni msimu wa kupalilia, hasara ya siku hizo mbili itaonekana tena wakati wa mavuno.

Katika mfano huo, ubao wa pili, kisu cha pili na kipande cha sabuni havifiki thamani ya kuku hao wawili.

Kwa mama lishe na mwenye hoteli hesabu ni kali zaidi. Ilongero kuwa makao makuu ya halmashauri kumeleta watumishi na wageni wanaokula nje ya nyumba zao. Mteja aliyeumwa tumbo harudi, na huwaambia wenzake. Kwenye majiko ya kuchomea nyama, kuku au mbuzi aliyeiva akikatwa kwenye gogo lililokatiwa nyama mbichi, kisha akapambwa kwa kachumbari, kazi nzuri ya moto imefutwa katika dakika ya mwisho.

Harusi na misiba ina hatari yake, kwani kuku wengi huchinjwa kwa pamoja na mikono ni mingi. Lakini hapo pia pana nafasi nzuri, kwa kuwa kina mama hugawana kazi tangu mwanzo. Kinachohitajika ni kiongozi wa jiko kutamka wazi kwamba walio kwenye kunyonyoa na kukata kuku hawagusi kachumbari, matunda wala maji ya kunywa mpaka wanawe.

Nani mwenye dhamana?

Tanzania haina upungufu wa sheria. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliunda TFDA, na mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006 ndiyo iliyoweka msingi wa Bodi ya Nyama. Halmashauri zina maofisa afya na maofisa mifugo.

Serikali pia imeonyesha ukali mipakani. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya viliteketezwa Namanga kwa maelezo ya kuzuia mafua ya ndege. Lakini mlolongo huo wa ulinzi huishia kwenye machinjio na bucha. Kuku wa kienyeji kwa kawaida hachinjwi machinjioni. Huchinjwa nyumbani, mbele ya watoto, na hakuna sheria itakayosimama kando ya mafiga.

Kwa hiyo dawa iko kwenye elimu zaidi kuliko adhabu. Tatizo ni kwamba elimu yenyewe imegawanyika. Ofisa mifugo anafundisha kuku akiwa hai na kuishia hapo. Ofisa afya anafundisha choo na maji. Mwalimu wa ujasiriamali anafundisha kuuza. Hakuna anayefundisha kuku akiwa mbichi.

Njia rahisi ni kutumia mikutano iliyopo. Siku ya chanjo ya mdondo huwakutanisha wafugaji kila baada ya miezi mitatu. Nusu saa ya kuonyesha namna ya kupanga kazi ya jikoni, kibuyu chirizi kikiwa mbele ya watu, haihitaji bajeti mpya. Itafaa wanaume nao wahudhurie, maana mara nyingi wao ndio wanaochinja na wao ndio wanaosimamia majiko ya nyama choma. Kliniki za mama na mtoto, vikundi vya kuweka na kukopa na Siku ya Usalama wa Chakula Duniani, inayoadhimishwa kila Juni 7 tangu mwaka 2019, ni nafasi nyingine.

Historia ya karibu inaonyesha kwa nini tusisubiri. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa, ambayo humpata mtu pia kwa kushika damu na nyama mbichi ya mnyama aliyeambukizwa, iliua zaidi ya watu 100 nchini, mkoa jirani wa Dodoma ukiwa miongoni mwa ulioathirika zaidi. Walaji waliogopa nyama nyekundu, na wafugaji ambao mifugo yao haikuugua nao walipata hasara. Hofu ya mlaji haichagui boma.

Sifa ya kuku wa Singida imejengwa na wanavijiji kwa miaka mingi, kuku mmoja baada ya mwingine. Wapo wanaotamani sasa kutoka kwenye kuuza kuku hai kwenda kuuza kuku aliyechinjwa na kusafishwa, ili faida ya kazi hiyo ibaki Ilongero badala ya kwenda Dar es Salaam na manyoya yake. Ni wazo zuri, lakini mnunuzi wa kuku wa aina hiyo ataangalia mikono, kisu na maji kabla ya kuangalia uzito. Mazoea ya kiwandani huanzia nyumbani, na mwenye kuyataka aanze leo kwa kukata nyanya zake kabla ya kumshika kuku.